Sponji Yenye Tundu

Hakuna kochi lililowahi kumshinda Fundi. Mletee lililokaliwa na ukoo mzima mpaka springi zinachungulia, atalinusa, atakunja uso: "Nyie humu mnakaa au mnapigana?" Halafu analishona mpaka mwenyewe unalikana.

Saratani ilipoingia njia yake ya haja kubwa, madaktari waling'oa yote, wakaziba, choo kikahamia tumboni kwenye mfuko. Chini hakukubaki kitu cha kushikilia matumbo. Wakamega nyama ya paja lake pamoja na mishipa yake ya damu, wakaijenga pale iwe sakafu mpya.

"Fundi mzima nimetiwa kiraka," alimwambia mkewe.

Maumivu aliyaweza. Kilichomtapisha ni ule mfuko wa uvuguvugu, unajaa bila ruhusa, unakoroma mbele za watu. Na majimaji ya kidonda, rangi ya chai iliyolala, yananuka kama panya aliyefia ndani ya kochi. Harufu hiyo aliijua vizuri. Sasa panya alikuwa yeye.

Nesi alimkataza kukaa. Asimame au alale ubavu mpaka kiraka kishike. Kikifa, anarudi kukatwa upya.

Lakini mama mkwe akatuma salamu kwamba anakuja. Fundi ampokee amelala, ananuka? Akakata sponji nene, akaitoboa katikati kama alivyowatengenezea wenye bawasiri, akaivisha kitambaa cha maua. Akakaa. Raha mustarehe.

"Baba, mbona umeshapona," mama mkwe akasema.

"Mama, mimi huyu?"

Akasimama kumsindikiza. Maua yote yalikuwa yamelowa, utelezi wa kahawia unavutika kama gundi kutoka kwenye sponji hadi kwenye suruali. Mama mkwe akaziba pua kwa mtandio, akaaga akiwa ameshafika mlangoni.

Hospitali, nesi alisokomeza kitambaa cha shashi ndani ya kidonda. Kiliingia kikaingia.

"Tundu la sponji yako limeiacha nyama inaning'inia, nyuzi zikaachia," nesi akasema.

"Dada, viti ni kazi yangu."

"Vya mbao. Hiki kina damu." Akabonyeza, akachungulia. "Una bahati, nyama bado nyekundu. Ukikaa tena, utarudi nayo nyeusi."

Nyumbani mkewe aliishika sponji kwa vidole viwili. "Kitambaa kizuri hiki. Nikifue?"

"Kitupe. Chote."

Akalala ubavu, uso ukutani. Mfuko ukakoroma.

"Na wewe nyamaza," Fundi akauambia.