Mkono Uliotokeza kwenye Magunia

Serikali ya kijiji chetu, upande wa Kintinku, ilipotangaza kwamba itapeleka mwanamke mmoja Kilimatinde akajifunze ukunga wa kisasa, watu wote walimtazama mama yangu. Watoto wengi wa pale kijijini yeye ndiye aliyewapokea. Ila sharti lilikuwa moja: awe anajua kusoma na kuandika, na mama hakuijua hata a.

Darasa la kisomo lilikuwapo, kila alasiri, ndani ya ghala la kijiji. Tatizo lilikuwa mwalimu. Alikuwa mume wangu.

Kwetu sisi Wagogo, mama mkwe na mkwewe hawaonani uso kwa uso. Mama akimwona mume wangu njiani aliingia porini na ndoo yake ya maji kichwani, na mume wangu naye akaingia pori la upande wa pili. Sasa nani angemfundisha? Mwalimu mwingine hatukuwa naye. Wazee wawili wa halmashauri wakasema achaguliwe mwanamke mwingine, mambo yaishe. Nilikasirika mpaka nikasimama mkutanoni, mimi niliyeolewa juzijuzi tu, nikauliza huyo mwingine amemzalisha nani.

Mwenyekiti alicheka, kisha akaamua. Kijiji kikatoa magunia matupu, tukayashona, yakatundikwa ubavuni mwa ubao. Mume wangu akawa anaingilia mlango wa nyuma, anajificha, anatoa mkono tu. Darasa zima, nami nikiwemo, tulifundishwa na mkono wenye chaki na sauti iliyotoka kwenye magunia yanayonuka karanga. Tukimaliza kuandika, tulipitisha vibao vyetu chini ya magunia, vikarudi na vema au kosa. Mama alikipokea chake kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa chakula. Nyumbani mume wangu alinilalamikia kwamba b za mama zinatazama nyuma. Nilimjibu akamwambie mwenyewe.

Siku ya mtihani alikuja mtahini kutoka wilayani. Kuona mkono unatokeza kwenye gunia, akadhani anachezewa, akalivuta. Yote yakaanguka. Mume wangu akageukia ukutani, mama akajifunika khanga, akatoka mbio hadi zizini. Nilijua ukunga umekwenda na maji, na nilimchukia yule bwana kwa moyo wangu wote.

Mwenyekiti alipomweleza, mtahini aliona haya. Akavua koti, akapanda juu ya meza, akayatundika magunia kwa mikono yake mwenyewe. Hapo nikamsamehe, nikamfuata mama.

"Rudi, mama. Mkwe wako ameshafichwa."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa. Umebaki mkono."

Akacheka, akarudi.

Alisoma ukurasa mzima, polepole, bila kuruka neno. Mtahini akatangaza kwamba amefaulu, Kilimatinde atakwenda yeye. Ghala likajaa vigelegele. Mama hakupiga hata kimoja. Aliinama, akaandika kitu kwenye kibao chake, akakisukuma chini ya magunia. Niliwahi kukisoma kabla hakijapita: *Asante baba.* B zote mbili zilitazama mbele.

Kibao kilikawia kurudi. Kiliporudi kilikuwa na vema kubwa, na chaki yake imelowa.

"Mwambie mumeo asilie," mama akaninong'oneza, huku naye anajifuta macho kwa khanga.