Biri Tatu za Dodoma

Safari yangu ya Dodoma ilianza na barua. Iliandikwa na Mama Nyemo, mwanamke tuliyefanya naye kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha tumbaku hapa Dar es Salaam, yeye kwenye meza ya kusokota biri, mimi kwenye chumba cha kupanga madaraja ya majani. Kwa msomaji asiyezijua, biri ni ile sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi. Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi, sote wawili tulikuwa kwenye orodha ya waliopunguzwa. Mimi nilibaki mjini nikauza mkaa. Yeye alirudi kwao Dodoma, akakusanya wanawake wanne, wakaanza kusokota biri katika chumba alichopanga Majengo.

Meneja wa hoteli moja pale Dodoma alikuwa anatafuta biri za kuwauzia wageni wanaokuja wakati wa Bunge. Siku hizo maduka yalikuwa yameanza kujaa vitu vya nje, na wafanyabiashara wawili walikuwa wamekwisha kumpelekea sampuli. Mama Nyemo alimwomba azipime zote bila kujua ipi ni ya nani, aone kama ukubwa wa bei una maana yoyote. Meneja alikubali, ila alitaka mpimaji mwenye ujuzi. "Nimemwambia yuko mtu mmoja tu," barua ilisema, "na pua yake haijawahi kumpendelea yeyote."

Sentensi hiyo niliirudia mara nyingi. Ni kweli kwamba kiwandani nilikuwa nikifungwa kitambaa machoni, nikinusishwa jani, nikataja lilikotoka. Lakini mwaka mmoja baada ya kuachishwa kazi nililala wiki tatu kwa homa na mafua makali, na nilipoinuka sikuwa nasikia harufu ya kitu chochote. Daktari alisema huenda ikarudi. Haikurudi. Aliyejua ni mke wangu Devota peke yake.

Alinikuta napiga pasi suruali ya safari. Akaniuliza, "Utawaambia?"

"Nitaona hukohuko," nikamjibu.

Nilijisemea kwamba nakwenda kumsaidia Mama Nyemo. Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa ameniita kwa ujuzi wangu kwa muda mrefu, na nilitamani kuitwa tena.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Dar es Salaam. Hadi Morogoro nchi ilikuwa ya kijani na milima ilikuwa imejifunika ukungu. Tulipopita Gairo mambo yakabadilika: udongo mwekundu, vichaka vya miiba, mawe makubwa yaliyopandana, na mbingu ikawa pana kuliko nilivyozoea. Jirani yangu alimenya chungwa akanigawia kipande. Kwanza nililipeleka ganda lake puani, nikavuta pumzi kwa nguvu. Hakuna kitu. Nikajifariji kwamba macho na vidole bado ninavyo. Nitaangalia jivu, nitapima ugumu wa biri, nitasikiliza inavyowaka. Kufikia Kibaigwa nilikuwa nimejiaminisha kwamba inawezekana.

Saa tisa alasiri tulifika Dodoma. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi stendi nzima. Mama Nyemo alikuwa amesimama kando ya ukuta, kitenge kimefungwa vizuri, amekonda kidogo. Alinisalimu shikamoo, akaning'ang'ania mkoba mpaka nikamwachia. Tulitembea hadi Majengo, tukipita katikati ya wauza mtama na karanga, naye njia nzima akanieleza habari za wenzake. Wawili ni wajane. Mmoja mume wake alipunguzwa kwenye shirika la umma, sasa anakaa tu. Wa nne ni dada yake. Walikuwa wamesokota mwaka mzima wakiuza sokoni biri mbili tatu kwa siku, na hoteli hii ndiyo mlango wa kwanza kuwafungukia.

Chumbani wanawake wale waliinuka wote. Mama Nyemo akachagua jani kutoka kwenye lundo, akanipa. Niliona wanavyoningoja. Nilifumba macho kana kwamba nimefungwa kile kitambaa cha kiwandani, nikaliweka jani puani, nikasubiri kidogo, nikasema, "Tabora. Msimu wa mwaka juzi."

Walicheka kwa furaha. Sikuwa nimebahatisha. Mama Nyemo alikuwa ameyaandika yote mawili kwenye barua, akasahau. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza Dodoma, na ulipita kirahisi mno.

Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa hotelini. Meneja, Bwana Lukindo, alikuwa kijana mpole aliyevaa tai, akaniita mzee na kunivutia kiti. Alikuwa ameandaa biri tatu. Mhudumu mmoja alikuwa ameviondoa vitambulisho vyote bila meneja kuona, na kila moja ameifunga kipande cha karatasi nyeupe chenye namba. Moja ilikuwa ya nje ya bei kubwa, ile inayokuja katika kisanduku cha mbao. Moja ilikuwa ya nje ya bei rahisi. Iliyobaki ilikuwa ya Mama Nyemo. Majina yalikuwa ndani ya bahasha. Mama Nyemo aliombwa akae kwenye korido kwa sababu angeitambua kazi ya mikono yake. Meneja naye angepima pamoja nami, kila mtu na karatasi yake.

Niliwasha ya kwanza. Ilikuwa laini kwa vidole, imenyooka, haina hata uvimbe mmoja. Ya pili ilikuwa nzito. Ya tatu ilikuwa na mkunjo mdogo karibu na ncha. Moshi wote kwangu ulikuwa joto tu. Nikaanza kufikiri kama mwizi. Nilikumbuka jinsi Mama Nyemo alivyosifiwa kiwandani kwa mkono wake safi, nikaamua ile laini ni yake. Hapo nikaona njia ya kuuficha upungufu wangu na kumsaidia yeye kwa wakati mmoja.

"Namba moja ndiyo bora," nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. "Jani limekomaa, moshi umetulia. Namba mbili inafuata. Namba tatu ni mbichi, inauma ulimi. Nisingempa mgeni."

Meneja alinitazama, akatazama karatasi yake, akachukua kifutio. Kisha akafungua bahasha.

Namba moja ilikuwa ile ya nje ya bei rahisi, iliyotengenezwa kwa mashine. Namba mbili ndiyo iliyokuja katika kisanduku cha mbao. Namba tatu ilikuwa ya Mama Nyemo.

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Meneja alikuwa anacheka kidogo, amefurahi kugundua kwamba si lazima anunue ya bei kubwa. Nilikunywa maji. Mama Nyemo alipoitwa, ni meneja aliyemweleza, kwa upole, kwamba mzee ameona zake bado mbichi. Aligeuka akanitazama mimi. Nilikuwa natazama kisahani cha majivu.

"Sawa," alisema. "Kaka, twende ukale."

Saa saba mchana tulikuwa uani kwake Majengo. Njia nzima alikuwa ametangulia mbele, akageuka mara moja tu, tulipokuwa tunavuka reli. Alisema kwamba moja kati ya zile biri ilikuwa imetiwa manukato, ya kuficha jani baya, na kwamba yeye aliisikia tangu korido. Nilijibu kitu, sikumbuki nini. Alinipa kigoda na gazeti, akabandika maharage kwenye jiko la mkaa nyuma yangu, akaenda kuwaambia wenzake matokeo.

Nilikuwa kwenye ukurasa wa pili jirani alipoita kutoka upande wa pili wa uzio kwamba kuna kinachoungua. Mama Nyemo alikuja mbio, akaipua sufuria kwa upande wa kitenge. Maharage yalikuwa yameshika chini, meusi kabisa. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka hapo, gazeti mkononi.

Alisimama na sufuria yake. Alitazama jiko, kisha gazeti langu.

"Kaka Fabiani," alisema, "tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na ulipoisoma barua yangu?"

"Nilikuwa najua."

Alikaa chini, akaanza kupakua maharage ya juu, akiacha yaliyoungua. Nilimweleza yote, mpaka jinsi nilivyodhani ile laini ni yake. Nilidhani hilo lingepunguza kosa. Aliponisikiliza mpaka mwisho alisema kwamba hakuniita nije kumpendelea. Angetaka upendeleo angemtafuta mtu wa karibu, asingehangaika na mtu wa Dar es Salaam. Kisha akaniwekea sahani mbele.

"Yameungua," akasema. "Lakini wewe hutajua."

Nilikula. Katika maisha yangu sijawahi kula chakula kigumu kama kile, na hakikuwa na ladha yoyote.

Saa kumi nilirudi hotelini peke yangu. Yeye alikataa kunisindikiza, akasema neno hilo ni langu. Bwana Lukindo alinipokea ofisini, nikamwambia nikiwa nimesimama kwamba mimi sisikii harufu, kwamba hukumu yangu ya asubuhi haina thamani, na kwamba ile niliyoiita mbichi sikuijua hata kidogo.

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alifungua droo, akatoa karatasi yake, akaniwekea mezani. Namba tatu alikuwa ameiandika ya kwanza. Alama ya penseli ilikuwa bado inaonekana pale alipofuta.

"Namba moja ilinikumbusha sabuni," alisema. "Ulipoisifu, nikadhani ndiyo ubora wenyewe. Mzee, mimi nilikuamini kuliko pua yangu."

Alikuwa amekwisha kupiga simu Dar es Salaam na kuagiza zile za bei rahisi za kikao kizima cha Bunge. Kuzirudisha hakuweza. Alichokubali ni kuchukua sanduku moja la Mama Nyemo, liwekwe kaunta, waone.

Nilipeleka habari hiyo Majengo kabla jua halijazama. Wanawake walikuwa mezani wanasokota. Nilisimama mlangoni, nikawaambia nilichofanya na kuwaomba radhi. Hakuna aliyeacha kazi. Mmoja wa wale wajane alisogeza benchi kwa mguu ili nikae, nami nikakaa kati yao nikiwapasulia majani mpaka mwanga ulipopungua. Mama Nyemo alisema sanduku moja ni sanduku moja, na asubuhi atalipeleka mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya tatu nilipanda basi la kurudi. Miezi kadhaa baadaye dada yake aliniandikia kwamba sanduku lile liliisha ndani ya wiki, yakachukuliwa mengine mawili, kisha hoteli ikapata mwenye mali mpya na mambo yakasimama. Wamerudi kuuza sokoni. Mama Nyemo mwenyewe hajaniandikia, na sijamlaumu.

Lakini siku ile ya kurudi, saa nne, basi lilisimama Kibaigwa. Kando ya barabara malori yalikuwa yanapakia mahindi, madalali wakitoboa magunia na kumimina punje viganjani. Nilishuka kunyoosha miguu. Mama mmoja mnunuzi, aliyekuwa anabishana na dalali kama gunia limeingia ukungu, aliniona mtu mzima niliyevaa vizuri, akanisogezea konzi ya mahindi usoni.

"Baba, hebu tusaidie. Nusa, utuambie kama yana uvundo."

Dalali naye alikuwa ananitazama, anangoja.

"Mimi sisikii harufu, mama," nilimwambia. "Nusa mwenyewe, na unachosikia ndicho."

Alinishangaa kidogo, kisha akainamisha uso kwenye kiganja chake. Nilirudi kwenye basi uso ukinichoma kwa aibu. Maneno yale yalikuwa machache sana, na ningeweza kuyasema jana yake, nimeketi kwenye kiti cha hoteli, kabla sijawasha biri ya kwanza.