Mkono wa Namba Kumi na Nne

Kipenga kililia kwanza, ndipo nikasikia mpira ukigonga kiganja. Mpangilio huo ndio ulionishtua. Katika mpira wa kikapu, kama katika jambo lolote lenye hukumu, tendo hutangulia na hukumu hufuata. Jumamosi ile, kwenye uwanja wa saruji wa chuo kimoja cha ualimu pale Korogwe, hukumu ilitangulia. Namba kumi na nne alikuwa bado hewani, mikono yote miwili imenyooka juu kama ya mtu anayeanika shuka kwenye kamba ndefu, na mshambuliaji wa wageni alikuwa hajamfikia. Refa alikuwa ameshapuliza.

Nilikuwa nimekaa mezani, kalamu mkononi. Nilikwenda Korogwe kukusanya takwimu za tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu namna walimu wanavyosahihisha insha za wanafunzi wanaowajua kwa sura. Kwa kuwa nilionekana mtu wa takwimu, mkufunzi wa michezo aliniomba niandike karatasi ya mchezo siku ya bonanza la vyuo. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Refa akipuliza, huigeukia meza na kuonyesha kwa vidole namba ya aliyefanya faulo; mwandishi huangalia vidole, kisha huandika. Mchezaji akifikisha faulo tano anatoka, na harudi tena. Vibao vya kuonyesha idadi ya faulo hatukuwa navyo, hivyo meza ilinyamaza mpaka ya tano, ndipo ikatangaza.

Namba kumi na nne alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, mwenyeji wa Mazinde, mrefu kuliko mlango wa bwalo la chakula. Nilishamwona akiuinamia mlango huo mara tatu kwa siku. Alitembea kama mtu aliyeazima miguu na anaogopa kuichafua. Mpira alikuwa ameujua kwa miaka michache tu, lakini chini ya kikapu hapakuwa na wa kumfikia, na chuo kizima kilijua kwamba akikaa uwanjani dakika zote, wenyeji wanashinda. Refa naye alilijua hilo, nadhani. Sina ushahidi kwamba alilitumia, na nimejizuia kusema nisichokuwa na ushahidi nacho, ingawa nimejizuia kwa shida.

Faulo ya pili ilikuja dakika chache baadaye. Mchezaji mmoja wa wageni, mfupi na mwepesi, alijirusha kifuani mwa kijana yule, akaanguka chali na kupiga ukelele wa mtu aliyeumwa na nge. Kijana alikuwa amesimama tu. Kanuni, ambazo nilizisoma zote asubuhi ile kwa sababu siwezi kushika kazi nisiyoisoma, zinasema wazi kwamba mchezaji ana haki ya mahali aliposimama na ya hewa iliyo juu yake. Anayemgonga aliyeruka wima ndiye mwenye kosa. Sentensi hiyo haisemi kwamba haki hiyo hupungua kadiri mtu anavyorefuka.

Watazamaji walifurahi.

“Refa, huyo si mchezaji, ni nguzo ya umeme! Ng'oa!”

“Kaka, huko juu mvua inakuja lini? Tupande mahindi?”

Hata wa upande wake walicheka. Na yeye, kila kipenga kilipolia, alinyoosha mkono mmoja juu, akainamisha kichwa, akasubiri. Nilidhani ni adabu, nikaipenda.

Wakati wa mapumziko nilimfuata refa, ambaye siku za kawaida alikuwa mwalimu wa sekondari mahali pengine.

“Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza kuhusu faulo mbili za namba kumi na nne. Niliona ameruka wima.”

“Marahaba. Dada, umewahi kupuliza kipenga?”

“Hapana, mwalimu.”

“Basi sikiliza. Mtu mwenye mwili ule, ukimwachia mapema, robo ya nne atavunja mtu mbavu. Mimi namzuia kabla.”

“Kwa hiyo unampulizia alichofanya, au atakachofanya?”

Akacheka, akawageukia wenzake. “Huyu msomi mmenitolea wapi?” Kisha akanirudia, bila ukali wowote. “Wewe andika. Kupuliza niachie mimi.”

Nilirudi mezani kwa hasira. Akilini nilishaanza kutunga barua ya malalamiko yenye vifungu na vijifungu. Ya tatu ilikuja mwanzoni mwa robo ya tatu, kwa kosa la kusimama. Sina namna nyingine ya kulieleza kosa hilo. Kisha ikaja ya nne: palikuwa na msongamano chini ya kikapu, kipenga kikalia, namba kumi na nne akanyoosha mkono, nikaandika. Na zikiwa zimebaki dakika mbili, wenyeji wakiongoza kwa pointi moja, kipenga kikalia tena, nikahesabu visanduku vilivyojaa mbele ya namba yake, nikainua sauti.

“Tano. Namba kumi na nne, tano.”

Kijana alikuwa ameuokota mpira. Alikuja nao mpaka mbele ya refa.

“Shikamoo mwalimu. Hii ni ya nne.”

“Toka nje.”

“Nimehesabu, mwalimu. Ni ya nne.” Akanigeukia. “Dada, tafadhali angalia vizuri.”

Niliangalia. Nikaigeuza karatasi imwelekee, nikampitishia kalamu kwenye visanduku kimoja kimoja, kwa ile sauti ya upole ninayotumia kumwonyesha mwanafunzi alipokosa alama.

“Karatasi inasema tano.”

Aliisoma, midomo ikicheza. Hakutoka. Alibaki amesimama, mpira ameubana tumboni kwa mikono miwili, labda kwa dakika nzima. Hakupaza sauti wala hakusogea hatua moja. Wenzake wawili wakamshika viwiko, wakamwondoa taratibu kama mtu anayetolewa msibani. Wageni walishinda kwa pointi mbili. Nilitia saini karatasi ile, refa akatia yake.

Jumatatu mkufunzi wa michezo alinionyesha nakala ya ripoti ya refa. Ilisema kwamba namba kumi na nne aligoma kutoka uwanjani “na kumtishia mwamuzi kwa mwili wake.” Nimeyatafakari maneno hayo kuliko nilivyowahi kutafakari nadharia yoyote. Mtu anatishaje kwa mwili wake akiwa amesimama tu? Angeuacha wapi? Mchezaji mfupi akisimama vile, huandikwa kwamba amekata tamaa. Huyu kaandikwa kwamba ametisha, kwa sababu aliyeandika alilazimika kuinua shingo.

Na ripoti hiyo haikuwa ya michezo peke yake. Kwa kanuni za chuo, kumtishia mwamuzi ni sawa na kumtishia mkufunzi, na adhabu yake ni kurudishwa nyumbani mwaka mmoja. Kamati ya nidhamu ingekaa Ijumaa.

“Kaka yake naye alirudishwa mwaka mmoja, chuo kingine,” mkufunzi aliniambia. “Sasa anakata mkonge. Hakurudi.”

Barua yangu ya akilini ikafikia kurasa nne. Ilikuwa barua nzuri, na yote ilimhusu refa.

Jumanne, katika kundi la simu la wanachuo, mtu alituma video ya robo ya tatu, kwa ajili ya kicheko, yenye maneno “Mnara wetu”. Niliifungua ili nipate ushahidi zaidi dhidi ya refa. Msongamano ule wa faulo ya nne ulikuwamo. Refa anapuliza. Anaigeukia meza. Anainua mkono wa kulia, vidole vitano. Mkono wa kushoto, vidole viwili. Saba. Namba saba wa wenyeji, aliyemvuta mtu fulana, tayari anarudi kwenye nafasi yake akijifuta jasho. Nyuma ya refa, namba kumi na nne amenyoosha mkono juu tangu kipenga kilipolia. Na pembeni kabisa mwa picha kuna kichwa cha mwanamke mwenye kilemba cha kijani, kimeshainama, kinaandika. Hakikuinuka kuangalia vidole hata mara moja.

Niliitazama mara kumi na moja. Kilemba hakikuinuka.

Mimi, niliyekuwa nimeandika sura nzima ya tasnifu kuhusu msahihishaji anayetoa alama kabla ya kusoma insha! Refa alikuwa amemwonea mara nne kwa kipenga, na siondoi neno katika hilo. Lakini faulo iliyomtoa ilikuwa yangu, na kijana aliniomba niangalie, nami nikamsomea mwandiko wangu mwenyewe kama ushahidi.

Jumatano asubuhi nilimkuta nje ya bweni lake, anafua. Alisimama aliponiona, akafuta povu mikononi.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Nina swali moja. Ile faulo ya chini ya kikapu, robo ya tatu, ilikuwa ya namba saba. Kwa nini ulinyoosha mkono?”

Alifikiri. “Sekondari mwalimu wetu wa michezo alitufundisha hivyo. Filimbi ikilia, mwenye kosa anyooshe mkono, meza imwone. Wengine wameshaacha.”

“Lakini hukuwa wewe mwenye kosa.”

“Dada, inalia kwangu siku zote. Nikichelewa kunyoosha wanasema nina kiburi. Sasa mkono unakwenda wenyewe.” Akatabasamu kidogo. “Lakini kuhesabu nahesabu. Nilijua ni nne.”

Nikamwambia kwamba alihesabu sawa, na kwamba niliandika mkono wake badala ya vidole vya refa. Alinitazama kwa muda, akiwa juu sana na jua nyuma yake, nami sikuweza kuuona uso wake vizuri.

“Ijumaa utawaambia?”

“Nitawaambia.”

“Maana nimeshamwambia mama kwamba nimekosea,” alisema. “Ili asishangae nikifika.”

Sikumpigia simu mtu yeyote wa kamati siku hiyo, na ni aibu kwamba nina sababu za kutosha za kueleza. Mimi ni wa Handeni, na wageni walioshinda walitoka Handeni. Nilijua yatakayosemwa: binti wa kwao aliwekwa mezani, akamtoa mchezaji mkubwa wa wenyeji. Nilijua pia kwamba chuo kingeweza kunifungia mlango na takwimu zangu zikabaki nusu. Nikaanza kupima: je, karatasi iliyotiwa saini inaweza kubadilishwa? Kama matokeo hayabadiliki, kukiri kunamsaidia nani? Je, si bora niandike maelezo, yenye kielelezo, niyapeleke kwa utaratibu? Niliandika rasimu tatu. Katika ya tatu nilijikuta nimeandika “kulitokea mkanganyiko wa kumbukumbu”, nikaona kwamba na mimi sasa naandika ripoti kama ya refa, ambayo ndani yake hakuna mtu aliyefanya kitu.

Alhamisi, saa nane mchana, nilitoka nje ya chumba cha wageni, nikasimama kwenye kivuli cha tangi la maji, nikampigia makamu mkuu wa chuo, mama aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya nidhamu. Alipokea kwenye mlio wa pili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Takwimu zinaendaje?”

“Sijapiga kwa ajili ya takwimu, mama. Ni kuhusu yule kijana wa Mazinde. Hakugoma kutoka. Alikuwa na faulo nne, na alikuwa anasema kweli. Ya tano niliiweka mimi.”

Nikasikia kiti kikivutwa.

“Uliiweka vipi?”

Nikamweleza: vidole saba, mkono mmoja juu, kilemba changu. Nikamwambia video ninayo.

“Na karatasi umeitia saini?”

“Nimeitia saini, mama.”

“Unajua refa atasemaje kesho.”

“Atasema kazi yangu ilikuwa kuandika tu.”

“Na wewe utasemaje?”

“Nitasema ni kweli. Na kwamba sikuandika alichoonyesha.”

“Saa tatu kamili uwe mlangoni,” alisema. “Njoo na hiyo simu, imejaa chaji. Na huyo kijana mwambie asiondoke, leo hii, kabla ya basi la jioni, maana nimeambiwa ameshafunga begi.”