Msiba Nisioweza Kuupikia

Watanzania wa upande wetu wa Toronto wakifiwa, simu ya kwanza hunijia mimi. Hakuna aliyenichagua, ni tabia yangu ya kushika mwiko kabla sijaombwa. Najua nani ana masufuria makubwa, nani ana gari la kubebea viti, na nani akiachiwa wali utaungua. Ndiyo maana habari hii inanikaba mpaka leo.

Kipindi cha baridi kilichopita niliteleza kwenye barafu mlangoni kwetu Malvern, nikavunjika kifundo cha mguu. Mume wangu anashinda kazini, watoto wako shuleni, na mimi niko kwenye kochi na mguu juu ya mto, nabishana na televisheni. Katika kuhangaika na kompyuta nikaingia kwenye ulimwengu mmoja wa mtandaoni. Huko unapewa mwanasesere, unamvisha unavyotaka, unatembea naye mitaani na kuongea na wanasesere wa wenzako kwa kuandika. Wangu nilimtafutia kanga nikaikosa, nikamvika gauni refu. Nilipita madukani na kwenye kumbi za dansi nikisalimia, na hakuna aliyeitika. Nilikasirika, nusura nizime.

Aliyeitika alikuwa mwanamke mwenye koti jekundu, amesimama mlangoni mwa sinagogi. Sinagogi lenyewe ni picha tupu, ila lina mabenchi, taa, na kabati la kutunzia Torati. Nilimwambia mimi si Myahudi, ni Mkristo kutoka Morogoro. Akasema nafasi zipo tele, niingie.

Nikawa mwenyeji. Wayahudi wa nchi mbalimbali walikutana pale, na kazi yao kubwa, nisiseme uongo, ilikuwa kubishana. Je, sala ya kwenye kompyuta ni sala? Je, mshumaa unaouwasha kwa kubofya ni mshumaa? Walibishana mpaka raha, kisha wakaulizana habari za wajukuu. Mwenye koti jekundu hakuwa na shaka: mshumaa wa kubofya ni wa kupendezesha macho tu, wa kweli aliuwasha mezani kwake. Kila Ijumaa aliaga kabla jua halijazama, wala hakugusa kompyuta mpaka Sabato iishe.

Ijumaa moja alipokuwa akiaga, niliona dirishani kwangu nako jua ndiyo linaondoka. Nikamuuliza. Kumbe tuko mji mmoja. Akaniambia yeye ni mzee, mapafu yake mabovu, anaishi peke yake na hatoki, na dirisha lake linatazama barabara ya Bathurst. Nilitaka nimuulize namba ya nyumba palepale. Lakini kule wana adabu yao: hamuulizani majina wala mnakokaa. Nikajizuia, jambo ambalo sijalizoea.

Kisha kaka yake akafariki, ng'ambo. Kwa mapafu yale hakuweza kusafiri. Wenzake wakamjengea chumba cha maombolezo kando ya sinagogi, akae shiva, zile siku saba ambazo mfiwa hukaa kwenye kigoda kifupi na watu huja kumhani. Hata kioo kilikuwepo, kioo kisichoonyesha sura ya mtu yeyote, kimefunikwa shuka kama desturi yao ya msiba inavyotaka.

Mlangoni mzee mmoja mwenye ndevu, msimamizi wa pale, aliniandikia pembeni: "Usimsalimie. Usimpe pole. Kaa tu mpaka yeye aanze kuongea."

Mimi nikae kimya? Kwetu ukiingia nyumba ya msiba bila kutoa pole, watasema wewe ndiye mchawi. Lakini nilitii. Nikamkalisha mwanasesere wangu sakafuni karibu na koti jekundu, vidole vikiniwasha. Jikoni kwangu kulikuwa na mchele, unga na majani ya chai, na mikono yangu yote miwili ilikuwa mizima. Havikuwa na pa kupita kumfikia. Niliona uchungu ambao sijawahi kuuona msibani, maana msibani huwa nina kazi.

Baada ya muda mrefu akaandika: "Leo nimeshindwa kuinuka kuchemsha chai."

Ilinichoma. Adabu nikaitupa huko. Nikaandika: "Unakaa jengo gani? Nakuja sasa hivi."

Mwanasesere wake akainamisha kichwa. Hivyo ndivyo wanavyofanya mwenyewe akiondoka kwenye kompyuta. Tukangoja. Kisha akatoweka kabisa.

Kesho yake kigoda kilikuwa kitupu, na siku iliyofuata pia. Mwenye ndevu naye alikuwa na wasiwasi, lakini yeye anaishi nchi nyingine, na hakuna pale aliyelijua jina halisi la mama yule. Sikujua kama nimemkera kwa swali langu, au amechoka, au amelala sakafuni jikoni kwake. Mume wangu akasema labda anapumzika. Nikamwambia mfiwa haachwi apumzike peke yake. Niliwaza kupiga simu polisi, lakini ningewaambia wamtafute nani? Mwanamke mwenye koti jekundu ambalo hana?

Jumapili tulipotoka kanisani nikamwambia mume wangu anipeleke Bathurst. Sikupika. Masufuria yangu yameshapika kila kitu, na mama yule alikuwa amenieleza kwamba kwao hata chombo cha kupikia kina masharti ya dini. Nikanunua machungwa na matufaha, matunda mazima yasiyoguswa na kisu changu. Mume wangu aliendesha bila kuuliza, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizonifanya nikubali kuolewa naye.

Tuliishika Bathurst, tukapanda nayo kuelekea kaskazini. Maghorofa yalikuwa kushoto na kulia, yamejaa madirisha mpaka juu. Mengine yalikuwa na taa mchana ule wa mawingu, mengine pazia tu. Tulikwenda mpaka nikaona aibu kuendelea kumzungusha mume wangu, nikamwambia asimame mbele ya jengo moja la zamani. Sikuwa na sababu ya kulichagua. Nilifungua mlango wa gari, nikashusha mguu mbovu kwenye theluji, mfuko wa matunda mapajani.

"Sasa mama," akaniuliza taratibu, "tubonyeze kengele ipi?"

Nilitazama juu, nikaanza kuyapitia madirisha moja moja kuanzia ya chini, nikimtafuta. Nikamwambia asubiri kidogo, asizime gari.