Kilima Nilichowachagulia Wakwe

Jamani, mpaka leo nikikutana na watu wa jumuiya yetu ya kanisani huko sokoni wananiuliza kama nimekuja kwa miguu au nimeteleza, na mimi nacheka nao, maana aibu ukishaikubali inakuwa kama ndugu, unaizoea tu. Lakini siku yenyewe, kusema kweli, nilitamani ardhi inimeze.

Mimi ni Festo, seremala hapa Sumbawanga mjini. Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Yustina, na mshenga wangu, Baba Deo, alikuwa ameenda na kurudi mpaka amechoka, jibu hakuna. Baba yake Yustina hakuwa na neno. Kikwazo kilikuwa mama. Alisema kumwona kijana kanisani hakutoshi, yeye hajajua akili yake ikoje, basi tusubiri. (Yustina mwenyewe alikuwa ananiambia vumilia tu, mama yangu hana haraka. Mimi nilikuwa nayo.)

Ikafika sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya, tukakubaliana kwamba baada ya misa twende kilimani, tule, tuimbe, na wenye kupenda wateleze kwenye nyasi. Mnaoijua Ufipa mnajua, mwezi wa saba vilima vyetu ni nyasi kavu tupu, ukikalia kipande cha dumu unashuka bila kusukumwa. Kazi ya kuchagua kilima nikapewa mimi, na hapo ndipo nikajua kwamba kuwachagulia watu mahali ni kugumu kuliko kuchagua mke. Vijana walitaka mteremko mkali. Kina mama wenye watoto wakataka uliolala. Mzee mmoja mwenye magoti mabovu alitaka gari limfikishe mpaka mkekani, na Mama Yustina akasema yeye popote, mradi kijana achague vizuri.

Baba Deo akanivuta pembeni. "Festo, umemsikia? Huo ni mtihani wako."

Mwenye akili angeenda kuuliza wazee. Mimi kichwani nilikuwa na hofu moja tu, kushinda siku nzima mbele ya mama mkwe. Nimelelewa kijijini Mwazye, na nyumbani kwetu nilifundishwa kwamba mama mkwe humtazami usoni, ukikutana naye njiani unampisha, na kula mbele yake ndiyo usiseme kabisa. Kwa hiyo nikazunguka na baiskeli nje ya mji mpaka nikapata kilima chenye pande mbili: upande wa mashariki umelala na barabara inafika, nikasema hapo wazee na watoto, upande wa magharibi umesimama, hapo sisi vijana. Yeye kule, mimi huku, kilima katikati. Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Siku ikafika, na watu wakanisifu. Mzee wa magoti alishuka garini akakaa mkekani bila kupanda hata hatua, na Mama Yustina alisema mahali pazuri (niliambiwa, maana mimi nilikuwa nimeshakimbilia upande wa pili). Kichwa kikanivimba. Nilikuwa nimekuja na ubao wangu wa paini, nimeupiga randa, nimeupiga msasa, halafu nimeupaka nta ya mshumaa mpaka inzi angeteleza, kwa sababu fundi hawezi kushuka na kipande cha dumu kama watu wengine.

Ila kuna kitu sikukipima, nacho ni upepo. Mfipa gani anasahau upepo wa mwezi wa saba? Ni mimi. Ulivuma kutoka mashariki, baridi yake inapenya mpaka kwenye mifupa, na wazee nilikuwa nimewakalisha wakiutazama uso kwa uso. Walivumilia kidogo, wakaona vumbi linaingia kwenye masufuria, wakabeba mikeka na chakula wakazunguka kilima kwa chini, wakatandika upande uliokingwa. Upande uliokingwa ndio huo wetu. Sisi juu hatukuwaona kwa sababu katikati ya mteremko palikuwa na tuta lililoficha bonde, na madumu yote yalikuwa yanaishia kwenye tuta hilo.

Yustina akautazama ubao wangu. "Huo una breki?"

"Breki ni miguu," nikamjibu, nikakaa.

Ndugu zangu, ubao ule haukujua kama kuna tuta. Ulipanda, ukaruka, na mimi juu yake nikiwa hewani ndipo nikaiona mikeka, nikawaona wazee, nikapiga kelele pisheni, pisheni. Mzee wa magoti aliruka kama swala. Mama Yustina alikuwa amenyoosha miguu anapakua maharage, na yeye hakuondoka. Nililipiga sufuria, nikalipita, nikaja kusimama kichwa kikiwa mapajani mwa mama mkwe, na suruali yangu ya misa imepasuka nyuma kutoka kwenye mkanda mpaka gotini.

Upepo wenyewe niliona kama umetulia utazame. Sikujua nifanye nini, nikafanya nilichofundishwa tangu utotoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu. "Umeumia?"

"Hapana, mama."

"Basi inuka, unanilowesha mchuzi."

Nikainuka, halafu nikakumbuka suruali nikakaa tena. Akavua kitenge alichojifunika mabegani akanirushia bila kunitazama. Nikajifunga, machozi yananilenga, najua posa ndiyo imekufa hivyo, nikaanza kuokota maharage moja moja kwenye majani maana sikuwa na ujasiri wa kwenda popote. Baba Deo akafika anahema, amevua kofia, akaanza yale maneno yake ya ushenga, kwamba wazazi wetu, tumekuja mbele yenu tukiwa na uso wa aibu.

Mama Yustina akamkatiza. "Baba Deo, wewe kaa ule. Mkwe amejileta mwenyewe."

Mkwe. Hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja. Kina mama walilidaka neno hilo kwa vigelegele, huko juu Yustina akawa anauliza kwa sauti kuna nini, na mimi nikabaki nimechuchumaa na kitenge chake kiunoni, mkononi nina maharage, nimefurahi kama mtoto. Baadaye nilipeleka kuku wa kuomba radhi, akampokea, na harusi tukafunga baada ya mavuno yaliyofuata.

Nimeapa sitawachagulia tena watu mahali kwa kumkimbia mtu mmoja. Mwaka huu jumuiya ilipotafuta wa kuchagua kilima nikainamisha kichwa wasinione, lakini mama mkwe aliniona.

"Achague Festo," akasema. "Ila safari hii wazee tutakaa juu."