Wimbo wa Mama Kadzo

Mwanangu, iko Jumapili moja ambayo nikiikumbuka, hadi leo, natamani ardhi inimeze.

Nilikuwa kijana katika kwaya ya kanisa letu hapa kisiwani, si mbali na maghala ya Shimanzi. Nilikuwa na haya nyingi, hata wenzangu wakaniita Bubu, lakini tuni nikiisikia mara moja naishika. Ndiyo maana nikapewa kazi ya kupanga nyimbo za tamasha letu, tulilolipa jina Furaha ya Nyumbani. Kila mwimbaji alileta wimbo wa kwao wa kushangilia. Wa Kigiriama tu ndio uliokosekana. Mgiriama wetu alikuwa Mama Kadzo, mtu mzima, aliyeimba nasi na kutupigia pasi majoho. Naye alikuwa amekwenda kwao Kaloleni kupanda mahindi.

Mara nyingi nilimsikia akipiga pasi huku akivumisha tuni moja tamu mno. Sikumuuliza ni wimbo gani, niliona haya. Basi nikaichukua tuni ile, nikaitilia maneno yangu ya furaha, na ngoma juu yake.

"Lo! Bubu katunga wimbo!" akanicheka Mutua, mpiga ngoma wetu. "Umeutoa wapi?"

"Kichwani tu," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo.

Siku ya tamasha Mama Kadzo alifika kutoka Kaloleni, akaketi na wasikilizaji. Tulipouanza ule wimbo watu wakasimama, vigelegele, makofi. Yeye akajifunika leso kichwani, akatulia. Nilidhani amefurahi.

Baadaye akaniita nje, penye mfereji.

"Mwanangu, wajua wimbo ule huimbwa lini?"

"La, mama."

"Matangani. Ndio tuliomwimbia Kadzo, siku ya kumzika."

Akaitoa leso kichwani, akaikunja.

"Miaka yote hii mwaniita Mama Kadzo," akasema, bila kupandisha sauti. "Nani kati yenu aliwahi kuniuliza, Kadzo yuko wapi?"

Mutua akapita, jasho likimtoka. "Bubu! Wimbo wako umeua, bwana! Jumapili ijayo tunaurudia!"

Mama Kadzo akanitazama, akangoja nijibu. Nikashindwa. Akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Mazoezi yaliyofuata hakuja. Siku hiyo nikasimama mbele ya kwaya nzima, nikawaambia yote. Jioni tukaenda kwake sote. Tulimpa pole ya msiba ambao miaka yote hatukuujua. Alitupikia chai, akatupokea vizuri. Lakini kwenye kwaya hakurudi tena.

Mwanangu, wewe uliyekabidhiwa tamasha la mwaka huu, usichukue wimbo wa mtu kabla hujaketi naye. Muulize umetoka wapi, humkumbusha nani, na kama yuko radhi uimbwe. Ukiona haya, muulize hivyo hivyo ukiona haya. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, mbele ya waliokusifu.

Mungu akutunzie sauti, akupe na moyo wa kuwajua unaoimba nao.