Mkwaju Usioficha Mtu

Mkwaju wetu wa Garissa baba aliupanda ujanani, na vita vya shifta, vya waasi wa Kisomali na serikali, vilipoanza ulikuwa umeshafunika nusu ya uwanja. Baba alikuwa Habaswein na ng'ombe. Barabara zilifungwa, hatukujua kama yu hai.

Siku moja askari wa doria alisimama langoni akasema mti ukatwe, maana mtu anaweza kujificha nyuma yake akawapiga askari risasi. Nilimchukia palepale, na sijamsamehe. Mama, mwenye Kiswahili cha sokoni, p ikimgeukia b, alimjibu taratibu.

"Afande, hii mti bwana yangu alibanda. Ngoja yeye arudi."

"Mimi nataka kuona upande wa pili."

"Utaona."

Mama alitundika shuka yake nyekundu kwenye ua wa miiba nyuma ya mti, akapanda juu na panga. Aliondoa matawi yaliyosongamana, akaacha mashada machache ya majani yaliyotengana. Matawi makaidi aliyafungia mawe kwa kamba mpaka yakalala. Kila mara alishuka akaenda barabarani kuangalia kama shuka inaonekana. Askari alipoiona yote, aliendelea na doria yake.

Tangu hapo, majani yakizidi, mama alipanda tena. Vita vilipokwisha baba alirudi, amekonda, hana hata ng'ombe mmoja. Alikaa chini ya mkwaju akalalamika kwamba kivuli kimejaa matundu. Mama alicheka hadi akalia. Kupogoa hakuacha.

Miaka mingi baadaye binti yangu alijifunza bonsai Nairobi, ile kazi ya Kijapani ya kulea mti mdogo kwenye bakuli. Alimletea bibi yake mkwaju wenye kimo cha birika. Aliniambia kazi ni ileile: kupunguza, kuacha nafasi, kulaza tawi, yeye kwa waya, mama kwa mawe. Ila wake hukatwa hata mizizi ili usikue, na wetu umeachwa ukue utakavyo, mradi mtu aone ng'ambo. Mimi niliwaza jingine: wake ungebebeka siku ya kukimbia.

"Umeupenda, Ayeeyo?" alimuuliza bibi yake.

Mama aligeuza bakuli polepole, akagusa waya.

"Mzuri," alisema kwa Kisomali. "Lakini mbona mmeukata hivi? Nani angejificha nyuma yake?"